Namna Hidemori Alivyosamehewa

Jumatatu, 4 Septemba 2017

Arlène hajapokea simu. Nimepiga asubuhi kabla ya zamu, mchana nikila, na jioni nikiwa kwenye teksi kutoka Midrand. Nikamtumia ujumbe wa kumtakia wiki njema. Umesomwa. Haukujibiwa, lakini umesomwa. Kule ghalani ninakotunza hesabu za mizigo tungesema mzigo umefika, bado kusainiwa.

Niandike mambo yalivyokuwa, maana mjini yanasimuliwa vibaya. Arlène ni mchumba wangu. Mtu wa Lubumbashi, fundi cherehani, anashona kwenye karakana ya shangazi yake, Mama Jeannine, ghorofa ya pili karibu na kituo cha teksi cha Bree, hapa Johannesburg. Anapenda kuliko kitu chochote katuni ya Kijapani iitwayo Taji la Chumvi, aliyoiona utotoni kwenye televisheni kwa Kifaransa. Mimi nimeijua kwa ajili yake. Vitabu vyake sijasoma. Vinasomwa kutoka nyuma kwenda mbele na shingo yangu haipendi.

Mwezi wa saba kulikuwa na tamasha la katuni kule Midrand. Watu huvaa mavazi ya wahusika na kupanda jukwaani. Arlène alinishonea joho la Hidemori, jeusi, lenye pindo la nyuzi nyeupe kama chumvi iliyomwagika. Alilishona tangu baridi ilipoanza. Nikapanda. Nikashinda. Mshereheshaji akaniuliza kwenye kipaza sauti nani amelishona. Nikasema, mimi.

Neno moja. Taa zilikuwa kali. Kusema ukweli wote kungehitaji maelezo, na watu walikuwa wengi nyuma yangu kwenye foleni. Isitoshe nilisimama kupimwa hadi miguu ikavimba. Huo nao ni mchango. Arlène alikuwa chini ya jukwaa, pini bado zimebanwa kwenye ukosi wa blauzi yake. Mama mmoja wa kampuni ya maigizo akaja akanipa mimi kazi ya kushona mavazi ya mchezo mzima. Alipogundua kwamba siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano, akaipeleka kwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo Arlène haniongeleshi.

Baba mdogo amepiga kutoka Mbeya. Desemba alikuwa aende Lubumbashi kupeleka posa kwa wazazi wa Arlène. Anauliza kama akate tiketi au asikate. Nimemwambia mtandao unakatika.

Jumatano, 6 Septemba

Nimepata njia.

Jioni nimeangalia tena diski za Taji la Chumvi, zile za Kifaransa ambazo Arlène alizisahau kwangu. (Hakuzisahau. Aliziacha kwa sababu hakutaka kurudi kuzichukua. Lakini zipo.) Hidemori ni rafiki wa Misaho, binti mhunzi. Hidemori anamkosea. Kosa lenyewe kwenye televisheni halieleweki vizuri: yuko getini, kunakuwa na moshi, kisha kila mtu analia. Anatoroka. Anarudi. Anapiga magoti mvuani mbele ya karakana ya Misaho. Picha inaruka kidogo. Misaho anatoka, anamwekea mkono kichwani. Muziki. Hidemori hakusema neno hata moja.

Nimerudisha nyuma nikaangalia tena kuhakikisha. Hakuna neno.

Sasa nimeelewa kosa langu. Nimeongea mno. Nimetuma ujumbe mno. Kumbe dawa ni magoti na kimya.

Kizuizi kimoja: Gustave. Mlinzi wa jengo moja refu Sandton, mtu wa Bukavu, bega kama kabati. Naye ni mpenzi wa Taji la Chumvi, anavyo vitabu vyote. Siku hizi akitoka zamu anashuka moja kwa moja karakanani kumbebea Mama Jeannine majora ya vitambaa. Hajaombwa. Mtu anayebeba majora bila kuombwa ana mpango.

Jumamosi, 9 Septemba

Mabaya. Mabaya tupu.

Nimefika mchana nimevaa joho. Nimepiga magoti kando ya barabara, chini ya dirisha la karakana. Kimya, kichwa chini. Mama anayeuza soksi akaniomba nisogee, nimemzibia wateja. Nikasogea kwa magoti. Vijana wawili wakanipiga picha, wakasema sharp, yaani safi, wakaenda.

Kisha bibi mmoja wa Kizulu akainama akaniuliza kama naumwa. Sikujibu, maana Hidemori hakujibu. Akauliza kama nina ndugu. Sikujibu. Akauliza kama nasikia. Hapo nikatikisa kichwa kidogo, ikawa kosa, kwa sababu alielewa kwamba nasikia ila siwezi kusema. Akaenda pale kwenye robot, taa za barabarani, akamleta mhubiri mwenye kipaza sauti.

Mhubiri akaniwekea mkono kichwani. Siyo mkono nilioutarajia. Akawatangazia watu kwamba huyu amefungwa na pepo bubu, aina mbaya kuliko zote. Akamwuliza pepo jina lake. Pepo akanyamaza, maana nilikuwa nimeazimia. Watu wakajaa hadi barabarani, teksi zikapiga honi. Nikaona dirisha la juu likifunguka. Arlène akatazama chini kwa muda, kisha akarudi ndani.

Akashuka Gustave. Akapenya katikati ya watu, akachutama mbele yangu na chupa ya maji. Akasema, “Mon frère,” yaani ndugu yangu, “Arlène anasema inua pindo. Linagusa maji machafu.”

Nikasema, “Amesema hivyo mwenyewe?”

Kosa kubwa. Watu walilipuka. Bubu amesema. Mhubiri akaruka, akanishika mkono akauinua juu kama wa bondia. Mama wa soksi akalia machozi. Nilijaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo muujiza ulivyozidi kukua. Nimetembezwa hadi kona ya pili.

Suruali imechanika magoti yote mawili. Arlène hakushuka.

Lakini alijali pindo. Nimelitafakari hilo kwenye teksi njia nzima. Mtu asiyekupenda hajali pindo lako. Gustave alisema Arlène anajali pindo kwa sababu amelishona mwenyewe. Hayo ni maoni ya Gustave.

Jumanne, 12 Septemba

Baba mdogo tena. Anasema nauli za Desemba zinapanda, na yeye ni mtu mzima, hawezi kukaa na begi mlangoni akisubiri mtandao wa Afrika Kusini. Nimemwambia mambo yako kwenye mchakato.

Nimekula pap, ugali wa huku, na maziwa ya mgando. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Zamani Arlène alikuja Jumanne na vitambaa vyake, vikaenea kitandani, nikalalamika kwamba nakalia pini. Leo nimekaa popote nilipotaka. Hakuna pini.

Njia ya pili ameileta Gustave mwenyewe bila kujua. Nimempigia ili nimpeleleze. Hana akili ya kupelelezwa, anajibu kila kitu. Akasema Jumapili hii ni Meza ya Bwana kanisani kwao, kwa hiyo kwaya ina mazoezi kila jioni, Arlène ndiye anayeongoza wimbo. Nikauliza, kama kwa utani, Meza yao inakwendaje. Akasema kabla ya mkate mchungaji huwataka wenye neno na mwenzao wasimame walimalize mbele ya kanisa. Mwenye neno ambalo halijaisha hali mkate. Na mwimbaji asiyekula haimbi.

Nimemshukuru kwa dhati. Mimi ni Mlutheri, kwetu mambo haya tunamalizia moyoni. Lakini hawa wamejenga mtambo kamili. Nikisimama mimi, lazima asimame yeye. Akisimama lazima asamehe, la sivyo haimbi. Arlène hawezi kukosa kuimba. Nimemweka kona.

Jumapili, 17 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Kanisa lao liko ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa duka la fanicha. Nimevaa suti. Kwaya imevaa skafu za njano. Arlène aliponiona akarudi kutazama karatasi yake ya wimbo. Mama Jeannine, aliyekuwa akiniita mkwe, alinipa mkono akaniita Monsieur.

Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama kabla hajamaliza sentensi. Nikasema kuna dada humu ana jambo juu yangu, nami nimekuja kwa unyenyekevu. Akauliza dada gani. Nikamtaja. Arlène akatoka kwenye mstari wa kwaya akasimama mbele yangu. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga.

Mchungaji akasema, “Vizuri, ndugu. Ulimfanyia nini?”

Hilo sikuwa nimelipanga.

Nikasema kulikuwa na kutoelewana.

“Na huko kutoelewana kulifanya nini?”

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nikasema ni makosa ya kibinadamu. Mchungaji akasema ya kibinadamu wanayajua, malaika hawaji pale kutubu. Taja, ndugu. Taja tu, tule.

Arlène alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeona teksi yake inakuja kwa mbali na ameshanyoosha kidole kuisimamisha. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Lakini waumini walikuwa wengi, Gustave amekaa safu ya mbele na mikono yake mikubwa juu ya magoti, na mzee mmoja ambaye jana ndani ya teksi alinipongeza kwa picha yangu ya ushindi ya tamasha alikuwa anatabasamu kunitia moyo. Nikifungua mdomo, huyo mzee atabasamu vipi?

Nikasema nilikuwa nachelewa kupokea simu zake.

Arlène akateremsha macho. Mchungaji akamwuliza kama ndilo hilo. Akasema taratibu, “Hapana, baba. Haiko ile. Ile yenyewe haijasemwa.” Akarudi. Hakuenda kwenye kwaya. Alivua skafu ya njano, akaikunja mara kadhaa hadi ikawa ndogo, akakaa safu ya nyuma. Mkate ulipopita hakula. Wimbo aliuongoza mtu mwingine, na sauti yake haikufika pale inapofika ya Arlène. Hata mimi nilisikia.

Kwenye ngazi Mama Jeannine akaniambia, “Monsieur, mtoto wangu haijapata kukosa kuimba. Hata mwaka ule alikuwa na malaria aliimba. Ngazi hii usiipande tena.”

Nilitaka kumweka kona. Nimemweka. Sijisikii vizuri.

Jumatatu, 18 Septemba

Gustave amenifuata hadi Midrand akiwa na sare ya ulinzi. Nilidhani amekuja kunipiga. Nilisimama nyuma ya mashine ya kunyanyulia mizigo ili tuongee kukiwa na chuma katikati. Kumbe ameleta kitabu. Taji la Chumvi, kile cha Hidemori kurudi.

Akasema amefikiria usiku kucha akaona huenda mimi nimeangalia ile ya televisheni tu. Nikakubali. Akapumua, kama daktari aliyegundua ugonjwa. Akasema ile ya televisheni ilikatwakatwa kwa ajili ya watoto. Wakongo wengi wa umri wake wamekua wakimwonea Hidemori huruma bila kujua kafanya nini. Yeye mwenyewe alilia kwa ajili yake akiwa darasa la nne, na alipokuja kusoma vitabu ukubwani akajisikia ametapeliwa machozi.

Akanionyesha kurasa. Hidemori ndiye aliyewafungulia maadui geti. Mji wote wa Misaho uliteketea. Alifanya hivyo kumwokoa dada yake, na dada mwenyewe hakuokoka. Kisha ule mruko wa picha: hapo zimekatwa kurasa na kurasa. Hidemori anakwenda nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyefiwa. Kila mlango anasema jambo lile lile, ni mimi niliyefungua geti. Wengine wanamtemea mate. Mmoja anampa chai, na hiyo ndiyo inayomvunja. Anapofika kwa Misaho sauti imekwisha. Ndiyo maana hasemi.

Nikauliza, na ule mkono? Gustave akasema hapo ndipo watu hugombana. Wapo wanaosema Misaho amemsamehe. Wapo wanaosema anapima tu kama ana homa, maana yeye ni mtu mwema na mtu ameloa. Yeye Gustave haamini kwamba kosa kama lile linasameheka. Lakini anampenda Hidemori, haelewi afanyeje, ameishi nalo hivyo miaka. Aliongea kama anazungumzia binamu yake.

Akaniachia kitabu. Akaniambia, “Soma polepole, mon frère.”

Nimesoma polepole, shingo ikiniuma. Nimezilinganisha kurasa na ile siku yangu pale barabarani, jambo kwa jambo, kama tunavyolinganisha mizigo na hati. Joho, nilikuwa nalo. Magoti, nilipiga. Kimya, nilikaa hadi nilipochokozwa. Kisha nikaliona. Nashangaa Gustave na vitabu vyake vyote hajaliona.

Mvua. Mvua imechorwa kila ukurasa. Jumamosi ile kulikuwa kukavu kabisa.

Jumatano, 20 Septemba

Hakuna mvua. Redio inasema hakuna hadi mwezi ujao. Anga la Johannesburg ni bluu tupu, halina huruma.

Nimelifua joho kwa mkono. Pindo limetakata. Nimelianika, kisha nikakaa kulitazama likikauka. Nyuma ya pindo, mahali pasipoonekana, kuna mishono midogo sana, imepangwa kama punje za mchele. Sikuwahi kugeuza upande ule. Nimekaa muda mrefu. Kisha ilibidi nipike.

Jumamosi, 23 Septemba

Arlène amepiga simu mwenyewe. Jina lake kwenye kioo. Nusura niiangushe. Akasema niende karakanani mchana, na nilete ile suruali iliyochanika, Gustave amemwambia.

Nimepanda ngazi mbili mbili. Mama Jeannine aliinua kichwa kutoka kwenye pasi, akakirudisha. Arlène alikuwa mezani, kipimo shingoni. Akasema, “Karibu, mon frère. Kaa pale.” Akaichukua suruali, akaigeuza, akaanza kuweka viraka kwa ndani. Nikaanza hotuba niliyoiandaa, inayohusu mvua. Akainua kidole nikanyamaza.

Akasema, “Onesmo, miye minaisha kukusamehe. Tangu juzi. Siwezi kuimba na weye mu koo.”

Nimeyaandika kama alivyoyasema nisije nikaambiwa nimezua. Nimesamehewa. Bila mvua, bila kutaja chochote. Nilitaka kumshika mkono, ila ulikuwa na sindano.

Nikamwambia basi nitamjulisha baba mdogo kuhusu Desemba.

Akauliza, “Desemba kuko nini?”

Nikasema posa. Akaacha kushona. Akanitazama, na humo machoni sikuona ile hasira niliyoizoea tangu mwezi wa saba. Nilitafuta. Haikuwepo. Alinitazama vizuri tu, kama anavyowatazama wateja wanaokuja kupunguziwa mikono ya mashati.

“Nani amesema habari ya posa? Nilisema nimekusamehe. Nimemaliza. Sikudai kitu tena. Weye uende vizuri, na miye niende vizuri.”

Nikasema mtu akisamehe anarudi. Mama Jeannine akasema kutoka kwenye pasi, “Anarudi wapi? Yeye ndiye aliondoka?”

Nikamwambia Arlène kwamba Misaho alimwekea Hidemori mkono. Akatabasamu. Tabasamu la kweli, lenye pengo lile la meno ya juu. Akasema, “Ee. Ukisoma kitabu kinachofuata, utaona alifunga karakana, akahamia mji mwingine. Hakuaga. Na hakumchukia.” Akakata uzi kwa meno. Akanikabidhi suruali ikiwa imekunjwa. Viraka havionekani hata ukitafuta. Akasema nisilipe, kisha akasema, “Nani anafuata?” na mama mmoja mwenye gauni la harusi ya mwanawe akapita mbele yangu.

Nikashuka ngazi. Mama wa soksi akanipungia, akamwambia jirani yake kwamba huyo ndiye. Gustave alikuwa anapanda na jora la kitambaa begani. Akasimama pembeni nipite kwanza.

Jumapili, 24 Septemba

Siku ya Urithi, sikukuu ya huku. Majirani wanachoma nyama uani, wameniita, nimesema naumwa tumbo.

Nimepiga simu ya Arlène asubuhi. Amepokea. Tangu mwezi wa saba hakupokea, leo amepokea mlio wa pili. Akasema, “Allô, Onesmo, habari ya huko.” Akauliza nyumbani hawajambo. Akasema wanakwenda kanisani, siku njema. Sauti safi kabisa, haina hata mwiba mmoja. Sijawahi kuumia hivyo. Zamani nilipopiga, simu ililia hadi mwisho na nikajua kule upande wa pili yupo mtu anaitazama akiwa amekunja uso kwa ajili yangu. Leo hakuna aliyekunja uso. Ningejua kusamehewa kuko hivi, nisingeharakisha.

Saa sita baba mdogo kapiga. Akauliza, ameshakusamehe huyo binti au bado? Nikasema ndiyo, baba, amenisamehe. Ni kweli tupu. Akapiga kelele ya furaha, akamwita mama mdogo, nikasikia vigelegele vya Mbeya. Akasema basi leo hii anakata tiketi, yeye na wazee wawili, hadi Lubumbashi, na anawapigia wazazi wa Arlène kuwaambia wajiandae kupokea wageni. Nikafungua mdomo nimrekebishe. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Kisha nikafikiri.

Wazee watatu wa Kitanzania watateremka Lubumbashi Desemba na vitenge na jembe la posa, mbele ya wazazi wake, mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyekubali chochote. Arlène atasikia. Atakasirika kuliko mwezi wa saba. Atanipigia mwenyewe, siyo mara moja. Itamchukua miezi kunisamehe. Huenda mwaka.

Nimemtakia baba mdogo safari njema. Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii. Nimeangalia pia hali ya hewa: Desemba Johannesburg inanyesha karibu kila alasiri.